Mlipuko na Mazuku: Siku Moja Chini ya Nyiragongo

Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno mawili. La kwanza ni "mlipuko", ambalo magazeti, redio na vitabu vyetu vya jiografia hulitumia kila volkeno inapotajwa. La pili ni "mazuku", ambalo wenyeji wa Goma hulijua tangu utotoni, na ambalo wengi wetu tunaosema Kiswahili mahali pengine hatujapata kulisikia. Tuliyachunguza yote mawili mahali yanapotumika, katika ziara ya siku moja tuliyoifanya mwezi wa Julai 2017, walimu wawili na wanafunzi sita kutoka Bunia, kando ya Ziwa Kivu na kwenye miteremko ya chini ya mlima Nyiragongo. Maoni yetu ni kwamba neno la kwanza humpotosha msikilizaji aishiye chini ya mlima huo, na la pili humlinda.

Huenda msomaji akashangaa kwamba safari ya namna hii ilianzia Bunia, mji usio na volkeno hata moja karibu yake. Lakini anayeishi Bunia anaishi ukingoni mwa ufa uleule. Ukifuata barabara iendayo Kasenyi, baada ya Bogoro nchi hukatika ghafla, na mtu huliona Ziwa Albert chini yake. Uso wa ziwa hilo uko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Bunia yenyewe iko karibu na mita 1,275. Genge hilo ni ukingo wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambalo hupita katika Maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika likielekea kusini. Pande mbili za ufa zinaachana polepole mno, kwa milimita chache tu kila mwaka, na kadiri zinavyoachana ndivyo ganda la dunia linavyozidi kuwa jembamba.

Hata hivyo moto haupandi kila mahali. Katika tawi hili la magharibi volkeno zimejikusanya katika sehemu chache tu: Toro nchini Uganda, ambako maziwa madogo yaliyo karibu na Fort Portal ni kasoko za volkeno zilizonyamaza, kisha Virunga, kisha kusini mwa Kivu, na mwisho Rungwe, nchini Tanzania. Ituri tumepewa ziwa na mitetemeko ya ardhi. Jirani zetu wa Kivu wamepewa ziwa, mitetemeko na moto. Vijana wetu wengi huenda Goma kusoma au kufanya biashara, na hufika huko wakijua Kiswahili lakini bila kuyajua maneno ya mahali pale. Binti mmoja katika kundi letu alikuwa akijiandaa kuhamia huko mwaka uliofuata. Tutamtaja tena.

Majina

Jina la Virunga lenyewe ni somo. Katika Kinyarwanda, mlima wa moto ni "ikirunga", na wingi wake ni "ibirunga". Ukiondoa irabu ya mwanzo unapata "kirunga", na kwa umbo la Kiswahili wingi wake ni "virunga", nomino kamili ya ngeli ya KI-VI, nyepesi kutamka na rahisi kunyambua. Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyeipanda Nyiragongo mwaka 1894, aliandika habari za milima hiyo kwa jina la Kirunga. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kuchukua neno la Kibantu lililokwisha kukomaa mahali penyewe. Kikachagua "volkeno" kutoka Ulaya, na "kirunga" likabaki kuwa jina la pekee kwenye ramani na kwenye mabango ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925. Hatulalamiki, neno likishaenea limeenea. Lakini inafaa kukumbuka kwamba uchaguzi ulikuwapo.

"Nyira-" ni kiambishi kinachotumika katika majina ya wanawake, kwa hiyo mlima huu umesimama katika lugha kama mwanamke mwenye mali yake. Itikadi ya kale ya watu wa eneo hilo, ile inayomhusu Ryangombe, husema kwamba waliofundwa katika ibada yake huenda baada ya kufa kwenye mlima Karisimbi pamoja naye, na wasiofundwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Mtu aliyeuona usiku ule mwanga uliokuwa juu ya kasoko hatauliza itikadi hiyo ilizaliwaje.

Mazuku alfajiri

Tuliondoka mjini saa kumi na moja ya alfajiri. Mwenyeji wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ametuonya kwamba tukichelewa tutakuta shimo tupu. Upande wa kaskazini mawingu yaliyotanda juu ya Nyiragongo yalikuwa mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Huo ulikuwa mwanga wa ziwa la zaha lililokuwa ndani ya kasoko hadi mwezi wa Mei 2021. Tulishika njia ya Sake, kuelekea magharibi, tukateremkia upande wa lile ziwa dogo la kasoko ambalo watu wa Goma huliita kwa Kifaransa Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani.

Mahali alipotupeleka hapakuwa na kitu cha kutisha. Palikuwa na bonde dogo kati ya mawe meusi ya zaha ya kale, upana wake kama chumba cha darasa, na kina chake hakikuzidi kimo cha mtu. Majani yalikuwa yameota vizuri pande zote. Lakini chini kabisa, katikati ya majani hayo, tuliona panzi waliokufa, mijusi miwili, na ndege mdogo mwenye mabawa yaliyokunjwa vizuri kana kwamba amelala. Mwenyeji wetu alifunga kicha cha nyasi kavu kwenye mti mrefu, akakiwasha, akakishusha polepole. Kilipofika usawa wa goti la mtu ambaye angesimama chini pale, moto ulizimika papo hapo, mfano wa kijinga kilichotumbukizwa majini. Moshi wake haukupanda wala haukushuka. Ulitanda juu ya kitu tusichokiona, ukawa kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa, na kwa kuutazama moshi huo tukauona uso wa mazuku.

Tulikuwa tumeambiwa tubaki juu ya ukingo. Hata hivyo yule binti, kamba ya kiatu chake ilipofunguka, alishuka hatua mbili tu ili apate jiwe la kuegemeza mguu, akainama. Mama mmoja aliyekuwa akipita na bidoni ya maji kichwani alipiga kelele kabla sisi walimu hatujatanabahi: "Mutoto, toka mu shimo! Mazuku haiyaamuka!" Binti akaruka juu. Hakupatwa na neno, ila alisema kwamba kichwa kilimzunguka kidogo, na hatukuweza kujua kama ni hewa au ni hofu. Tulimshukuru yule mama, naye akatuuliza tumetoka wapi. Aliposikia Bunia alitikisa kichwa, akaenda zake.

Yale aliyoyasema yule mama kwa maneno matano au sita yanalingana kabisa na yale wanayoyasema wanasayansi. Mazuku ni hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua, lakini hapa inatoka chini sana ardhini na kupanda kwa njia ya nyufa. Uzito wake ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haipai. Hutiririka kama maji kufuata mteremko na kujaa penye shimo. Usiku, wakati upepo umetulia na ardhi imepoa, hujikusanya. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, hutawanyika. Ndiyo maana ya "haijaamka". Haina rangi, na pua haiitambui. Ikizidi kiasi cha sehemu 10 kwa mia katika hewa, mtu huzimia kwa dakika chache na kufa asipotolewa, na katika mashimo ya Goma kiasi hicho hupitwa mbali. Huwaua kwanza walio chini: kuku, mbuzi, mtoto, mtu aliyelala, mtu aliyeinama. Humuua pia anayeshuka kumwokoa mwenzake bila kujua kilichomwangusha.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Jambo la kwanza linalomvutia mwanafunzi wa Kiswahili ni kitenzi "zuka", yaani kutokea ghafla, na nomino "mzuka", kiumbe kitokeacho na kutoweka. Maana zinakaribiana sana, na wenyeji wengi hueleza mazuku kuwa ni upepo mbaya uuao usiku. Lakini kanuni ya sauti inatuzuia kukubali kwa haraka. Katika Kiswahili, kitenzi kinachoishia na k kikipewa kiambishi tamati -u, k hiyo aghalabu hubadilika: choka hutoa uchovu, okoka hutoa wokovu, tukuka hutoa utukufu. Kwa kanuni hiyo tungetarajia "mazuvu" au "mazufu", si "mazuku". Hilo peke yake halitoshi kukanusha udugu wa maneno haya mawili, kwa maana lugha ina njia nyingi za kuunda neno, lakini linatuelekeza kutafuta asili yake pia katika lugha za jirani za Kivu kabla ya kuliandikia nasaba.

Jambo la pili ni ngeli. Neno lina umbo la MA- na halina umoja. Hatukumsikia mtu akisema "zuku moja". Kwa umbo hilo limekaa pamoja na maji, mafuta, maziwa, mate na matope, yaani vitu visivyohesabika, vinavyomiminika na kujaa chomboni. Sisi tunaona kwamba hapo lugha imelenga shabaha. Aliyeliweka neno hili katika ngeli hiyo aliiona hewa hii kama kitu cha majimaji, na aliyezaliwa katika lugha hiyo hahitaji kufundishwa kwamba mazuku hukaa mabondeni, kwa sababu maji hukaa mabondeni. Ni kweli kwamba yule mama alisema "haiyaamuka", si "hayajaamka". Lakini ushahidi huo usichukuliwe kupita kiasi, kwa kuwa Kiswahili cha Kivu, kama kile cha kwetu Ituri, hutumia upatanisho wa i- kwa karibu vitu vyote visivyo na uhai, hata maji. Kiambishi cha nomino ndicho shahidi wetu, si kiambishi cha kitenzi.

Jambo la tatu ni kwamba neno hili limesafiri. Wataalamu wa volkeno wa Ulaya na Marekani wanapoandika habari za hewa ya namna hii, hulitumia neno "mazuku" bila kulitafsiri, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwa sababu lugha zao hazikuwa na neno moja la kitu hicho. Mara ngapi Kiswahili kimeipa sayansi ya dunia istilahi? Tumezoea kupokea. Hapa tumetoa, na ajabu ni kwamba neno lenyewe linafahamika zaidi kwa mwanajiolojia wa ng'ambo kuliko kwa mwalimu wa Kiswahili wa Bunia, Mombasa au Dodoma.

Mji uliojengwa kwa zaha

Kulipopambazuka tulirudi mjini. Mgeni wa Goma huona rangi moja kwanza: nyeusi. Kuta za nyua, misingi ya nyumba na kokoto za barabarani zote ni zaha iliyoganda. Tarehe 17 Januari 2002 mito miwili ya zaha ilipita katikati ya mji, ukafunika kiasi cha sehemu 13 kwa mia za mji huo pamoja na upande wa kaskazini wa njia ya ndege, na mmoja ukafika ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Wakazi walirudi wakati mawe bado yana joto. Kwa kuwa zaha haiwezi kuondolewa, walijenga juu yake, hata ikawa mahali fulani mtu akiteremka ngazi anaingia katika chumba ambacho zamani kilikuwa sebule ya chini. Watu tuliozungumza nao hawakusema "zaha", neno la vitabuni. Walisema tu kwamba "moto" ulipita hapa na hapa, wakionyesha kwa kidole mpaka wake nyumba kwa nyumba.

Ugumu wa ardhi hiyo uliwahi kuwa msiba wa namna nyingine. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja waliingia upande wa Goma katika siku chache, wakapewa makao Mugunga, Kibumba, Katale na kwingineko, juu ya nchi ya zaha. Kipindupindu kilipozuka, haikuwezekana kuchimba vyoo, wala makaburi hayakuchimbika kwa jembe. Maelfu kwa maelfu walikufa. Mtu asiyejua volkeno hudhani kwamba madhara yake ni moto tu.

Kibati na nyufa

Saa tatu ya asubuhi tulikuwa Kibati, kwenye kituo cha walinzi wa hifadhi, kwenye barabara ya Rutshuru. Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470, na kutoka Kibati hadi ukingo wa kasoko ni mwendo wa kilomita 8 hivi, wa kupanda tu. Wakati huo waliotaka kuona kasoko walilala huko juu kwenye baridi. Sisi tulikuwa na siku moja, na kwa kweli tulichokitafuta hakikuwa kileleni. Tulimwomba mlinzi atuonyeshe mahali mlima ulipopasuka mwaka 2002.

Njia hupita kwanza msituni, kisha juu ya mawe yanayocheza chini ya mguu. Mawe hayo yamevikwa mimea midogo ya kijivu isiyo na mizizi, mfano wa ukoga uliokauka, na kati yake madole ya kwanza ya kangaga; ndivyo zaha inavyoanza kurudi kuwa udongo. Tulipopanda kwa muda wa saa tatu hivi, karibu na Shaheru, ile kasoko ya kale iliyo ubavuni mwa mlima, mlinzi alisimama. Mbele yetu palikuwa na ufa. Mahali pengine mtu angeweza kuuruka, na mahali pengine ulitoa mvuke wa moto uliolowesha nyuso zetu. Ufa huo ulianzia pale, mlinzi akasema, ukateremka mteremko wote hadi Munigi, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Hapo ndipo neno "mlipuko" lilipotushinda. Baruti hulipuka. Bomu hulipuka. Mlipuko una kishindo, na una mahali pamoja panapotoka moto kwenda juu. Mwanafunzi aliyesoma katika kitabu chake kwamba volkeno hulipuka huchora daima picha moja: mlima wenye tundu kileleni, na moto na mawe vikiruka angani. Zipo volkeno za namna hiyo duniani. Lakini Nyiragongo katika miaka iliyoleta maafa haikufanya hivyo. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la zaha lililokuwa juu likamwagika kwa njia ya nyufa katika muda usiofika saa moja, kama pipa lililotobolewa chini. Zaha ilikwenda kwa kasi ya gari barabarani. Makumi ya watu walikufa kwa hesabu ya chini kabisa, na kundi la tembo lilizingirwa. Miili yao ikaacha mashimo yenye umbo la tembo ndani ya jiwe. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka asubuhi ubavuni, kisha zikazidi kuteremka hata zaha ikabubujika Munigi, mlangoni mwa mji. Anayengojea kishindo kutoka kileleni hutazama juu, ilhali moto unamtokea nyuma ya nyumba.

Sababu ya wepesi huo ni aina ya zaha yenyewe. Unene wa zaha hutegemea sana kiasi cha silisi, madini yale yanayofanya mchanga na kioo. Zaha yenye silisi nyingi ni nzito kama ugali. Huziba njia, gesi hujibana chini yake, na mwishowe hulipuka kwelikweli. Zaha ya Nyiragongo ina silisi kidogo mno, karibu sehemu 40 kwa mia, kwa hiyo hutiririka kama mafuta na gesi hutoka bila kishindo kikubwa. Jirani yake Nyamulagira, wenye kimo cha mita 3,058, umetema zaha zaidi ya mara 40 tangu mwaka 1885, na zaha yake pia hububujika, ila aghalabu huishia msituni. Ile ya miaka ya 1938 hadi 1940 ilifika Ziwa Kivu karibu na Sake.

Tuliwauliza watu wa Kibati wanasemaje. Wengine walitumia "ililipuka", kama redioni. Lakini wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walisema mlima "ulipasuka" na moto "ukamwangika". Hayo ndiyo maneno ambayo tungependa yaingie katika matangazo na vitabu: "mpasuko wa mlima" kwa kitendo cha kufunguka nyufa, na "mmiminiko wa zaha" kwa kile kinachofuata. "Mlipuko" tuuachie milima inayolipuka. Atakayesema kwamba hiyo ni tofauti ndogo ya maneno afikirie swali atakalojiuliza mama wa Munigi usiku, redio ikitangaza hatari: nitazame wapi?

Tulioyaona baadaye

Tulirudi Goma jioni, tukapanda ndege kwenda Bunia kesho yake. Yaliyofuata yametufanya tuyarudie madaftari yetu. Hifadhi ilifungwa kwa wageni mwaka 2018 kwa sababu ya usalama, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena mwaka 2020 kwa ajili ya korona. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena bila onyo kuwafikia watu. Zaha ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, na watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye serikali iliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 waondoke, na watu laki kadhaa wakakimbilia Sake, Rutshuru, Rwanda na Bukavu. Mitetemeko ilikuwa ikionyesha kwamba moto umepita chini ya mji na chini ya ziwa lenyewe. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ziwa Kivu lina kina cha mita 480 na zaidi, na katika maji yake ya chini zimeyeyuka kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ileile ya kaboni, pamoja na 60 hivi za methani. Huko Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, dogo kabisa kulinganisha na Kivu, lilitoa hewa hiyo usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Tunaweza kusema kwamba Nyos ilikuwa mazuku moja kubwa iliyotoka ziwani, na mtu wa Goma akielezwa hivyo ataelewa mara moja.

Kisha vita. Tangu mwaka 2022 wakimbizi wa ndani kutoka Rutshuru na Masisi walifurika Goma, na wengi walipiga vibanda vyao vya turubai upande wa magharibi, Bulengo na karibu na Ziwa la Kijani, katika nchi ileile tuliyoitembelea alfajiri. Wengine walitoka milimani kusiko na mazuku. Walilala chini, juu ya mikeka, pamoja na watoto wao. Januari 2025 mji ukatwaliwa na waasi wa M23, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Kwa watu hao neno hili halikuwa suala la kamusi.

Lakini kamusi ni kazi yetu, kwa hiyo tunaweka hapa ingizo ambalo wanafunzi waliliandaa, nasi tukalisahihisha kidogo:

mazuku nm [ya-] hewa nzito ya kaboni itokayo ardhini penye volkeno, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujaa mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na huua watu na wanyama.

Kiambishi [ya-] kilizua mabishano marefu. Wanafunzi wawili walitaka [i-], kwa hoja kwamba ndivyo neno linavyosemwa na wanaolijua. Yule binti, ambaye alihamia Goma mwaka 2018 kama alivyokusudia, aliandika [ya-] kwa wino katika nakala yake, na pambizoni, kwa kalamu ya risasi, akanakili sentensi ya yule mama kama ilivyotamkwa.